Evil Bong: muvi ya bangi isiyochekesha wala kutisha. Mnaoitetea njooni hapa

Wakuu, salaam. Leo sina utani, na wale wazee wa "mleta uzi punguza jazba" wapite kimya kimya.

Nani alianza kueneza humu kwamba Evil Bong ni muvi ya kuvunja mbavu? Kila mtu akiomba muvi za kuchekesha zenye vitisho ndani, lazima atokee mmoja aitaje. "Itafute mkuu, utanishukuru." Haya, nimeitafuta. Nimemlipa jamaa anayejaza muvi kwenye flashi, naye akaniapia wateja wake wanaigombania. Wateja gani hao? Wako wapi? Naomba mmoja tu ajitokeze anionyeshe sehemu aliyocheka.

Kwa wasioijua, ni ya Marekani, mwaka 2006, imeongozwa na Charles Band, yule mzee wa kampuni ya Full Moon waliotuletea midoli ya Puppet Master mwaka 1989. Kisa chenyewe ukisimuliwa kinavutia, na hapo ndipo nilipopigwa. Vijana wanaishi nyumba moja, wavuta bangi wa kutupwa, kisha anahamia Alistair, mtoto wa vitabu asiyegusa msokoto. Larnell, mmoja wa wale vijana, anaona tangazo la kiko cha maji kinauzwa, vile virefu vya kuvutia bangi, na muuzaji anadai kina pepo. Wanakiagiza. Kikifika, anayepiga pafu roho inanyofolewa na kutupwa kwenye dunia iliyo ndani ya kiko, mwili unabaki kochini. Na kiko chenyewe kinaota sura ya mwanamke, kinaongea, kinatukana, kinatongoza.

Sasa mtu ukishapewa kisa hicho, unaharibuje? Nusu ya kazi imeshafanyika! Mvuta bangi anakaa kochini hajongei, na wenzake hawajui kama amekufa au ana stimu tu. Hapo pana kicheko na pana woga kwa wakati mmoja. Muvi ingekaa hapo hapo tu, itubabaishe na swali hilo mpaka mwisho, leo ningekuwa naisifia. Wao wanaligusa, wanacheka wenyewe, wanaendelea na mambo yao.

Na mambo yao ni sebule. Muvi karibu yote ni sebule moja. Kochi, meza, kiko. Mtu anaingia, anaongea, anavuta, anazimika. Anaingia mwingine, anaongea, anavuta, anazimika. Hiyo dunia ya ndani ya kiko niliyokuwa naisubiri kwa hamu, nikijua sasa tunaenda kuona maruweruwe ya kweli ya kichwa cha mvuta bangi, ni klabu ya wacheza utupu. Ukumbi, taa za rangi, moshi, wasichana wanajinyonganyonga. Pepo mwenye uwezo wa kunyofoa roho za watu, akili yake yote imeishia kufungua klabu.

Kuna sehemu Bachman, mmoja wa wale vijana, anakutana na mchezaji aliyevaa sidiria ya mafuvu, mafuvu yanaamka na kumng'ata. Ukisoma hivi unaweza ukacheka, najua. Kwenye kioo ni raba inatikisika, kamera imeganda pale, na wewe unasubiri wakate waende kwingine, hawakati. Hakuna mwendo wa kukushtua, hakuna mpangilio wa utani. Kichekesho kinataka kipimo jamani, ukikichelewesha sekunde mbili kimekufa, na vitisho ni hivyo hivyo. Humu kila kitu kinachelewa.

Nitoe haki yake mtu mmoja: Michelle Mais, aliyekipa kiko sauti. Yule mama anapambana. Sauti ina ubishi, ina dharau, unamsikia kabisa anajaribu kuchekesha kwa maneno ambayo hayachekeshi. Basi, sifa zimeishia hapo.

Tuje kwa Tommy Chong, naye anaigiza humu, maana ndiye aliyenitoa hela mfukoni. Chong huyu ndiye wa Up in Smoke ya 1978, yeye na Cheech Marin. Kwenye ile, gari zima limetengenezwa kwa bangi, linavuka kutoka Mexico, linaanza kuungua, na moshi wake unawalewesha polisi wanaolifukuza. Mnaona pale bangi inavyofanya kazi? Bangi ndiyo gari, ndiyo mzigo, ndiyo inayowaokoa. Ukiitoa hakuna muvi.

Halafu maisha yake yenyewe. Mwaka 2003 serikali ya Marekani ilifanya msako wa wauza vifaa vya kuvutia bangi, wakauita Operation Pipe Dreams. Chong akanaswa kwa sababu ya kampuni ya familia iliyokuwa ikiuza viko vya kioo kwenye intaneti. Akapigwa miezi 9 jela na faini ya dola 20,000, akatoka 2004. Miaka miwili baadaye mzee huyo huyo anaigiza mtu aliyewahi kumiliki kiko chenye pepo na sasa amekuja kukiangamiza. Yaani mtu amefungwa kwa sababu ya viko, halafu unampa nafasi ya kulipiza kisasi kwa kiko! Dhahabu hiyo! Mimi nilichopata ni mzee anayeingia muvi ikiwa imeshatembea sana, anafoka, anahangaika hangaika, na mimi naangalia saa. Aliyeandika maneno ya muvi hii sijui alikuwa anasoma magazeti gani.

Sasa utetezi. Wa kwanza ni ule wa "mkuu, bajeti ndogo hiyo, usitegemee makubwa."

Acheni hizo. Peter Jackson kabla hajawa mtu mkubwa alipiga Bad Taste kule New Zealand, ikatoka 1987, kwa wikiendi za miaka kama minne, na vinyago vyake alivioka kwenye oveni ya mama yake. Ukiiangalia unaona kabisa kwamba hela hakuna, na bado unacheka na kuziba macho. Wajapani wakatoa One Cut of the Dead mwaka 2017 kwa yeni milioni 3, hela ambayo kwa sinema ni nauli. Inaanza na dakika 37 bila kukata kamera, unaona makosa kila mahali, unawadharau, kisha wanakuonyesha makosa yale yalitokeaje na unabaki umeshika mbavu. Ikaingiza zaidi ya mara elfu moja ya gharama. Wale hawakuwa na hela kama hawa wa kwangu, ila walikaa chini wakafikiri.

Na hapa ndipo penye kuniuma zaidi. Bongo muvi ikipigwa sebuleni mwanzo mwisho, humu ndani hakukaliki. "Wasanii wetu wavivu, kutwa sebuleni, gari linaingia getini dakika tano." Nimewahi kuwacheka na mimi, maana ni kweli. Sasa mzungu amepiga sebuleni, steringi hana mvuto, sauti na midomo ya mdoli vinapishana, na nyie nyie mnaniambia "ni mbaya kwa makusudi, ndio uzuri wake." Makusudi ya nani? Lini Steps, wasambazaji wa Bongo muvi, waliwahi kupewa msamaha wa makusudi?

Utetezi wa pili unaniudhi kuliko wote: "hiyo inaangaliwa ukiwa umevuta." Kwa hiyo nimenunua muvi, halafu stimu nijitegemee? Mtu aliyevuta anacheka hata feni ikizunguka. Hamjaisifia muvi hapo, mmesifia mzigo wa mwenye mzigo. Na sisi tusiovuta tunaangaliaje? Up in Smoke nimeiangalia na chai ya rangi na nikacheka mpaka machozi.

Mnataka kuona mvuta bangi ndani ya muvi ya vitisho akitumika vizuri, tafuteni The Cabin in the Woods ya 2012. (Asiyeiangalia aruke aya hii.) Hela yake ilikuwa nyingi, lakini ninachosema hakihusiani na hela. Mle kuna Marty, mvuta bangi wa kundi, kila mtu anamwona mjinga. Wale wanaowachezea vijana akili wanawawekea dawa ili wafanye maamuzi ya kipumbavu, na bangi ya Marty inaizuia ile dawa isimpate, kwa hiyo mlevi ndiye pekee anayefikiri sawasawa. Tena ana kiko kinachojikunja kinakuwa kikombe cha kahawa, anakuja kukitumia kama rungu. Kitu kimoja, kazi tatu. Evil Bong wana kiko kinachoongea na hawajui wakifanyie nini.

Kitu kingine, ile midoli. Katikati ya muvi wanaanza kutokea wahusika wa muvi nyingine za Band, akiwemo yule biskuti muuaji, Gingerdead Man. Hawana kazi yoyote kwenye kisa. Wamekuja kupunga mkono tu. Band anajulikana tangu enzi za kampuni yake ya zamani, Empire, kwa kuuza jina na bango kabla hata muvi haijaandikwa, na Full Moon wanauza midoli ya wahusika wao. Ukishajua hivyo unaelewa kwa nini muda wote unahisi unaangalia kabati la duka. Na wameendelea mpaka 2022! Kuna ya pili, kuna ya 3D ya 2011 iliyokuja na kadi za kukwaruza ili unuse harufu, kuna ya kupigana na biskuti, kuna 420, 666, 777, 888. Wanunuzi wapo, ndiyo maana nawauliza nyie.

NIMEONGEZA, baada ya kusoma majibu:

Mdau aliyesema eti nina chuki na wavuta bangi: hapana. Jirani yangu anavuta na anasimulia visa vizuri kuliko muvi hii nzima. Mwiteni yeye aandike.

Mdau wa "ni dakika 80 tu mkuu, unalalamika nini": hizo dakika 80 wewe uliziangalia zote? Kuwa mkweli. Maana unamwita Alistair "yule mwenye nywele ndefu" na huyo si yeye.

Aliyeniambia nitafute iliyotafsiriwa, eti mtafsiri kaitendea haki: nimeipata, nimesikiliza. Robo saa ya kwanza anajitahidi, anatupia vijembe, anamwita Larnell "mwanafunzi wa kudumu". Wakifika klabu maneno yanamwishia. Anaanza kusalimia washkaji wake, mmoja mmoja, na mitaa yao, na wauza chipsi wa mitaa hiyo, wakati kiko kinaongea peke yake huku nyuma. Salamu zile ndizo nilizosikiliza mpaka mwisho.

Na wewe unayenifuata inbox unitumie King Bong, ya pili yake, nimeshakwambia hapana. Jamaa wa flashi aliniwekea bure, "ofa kwa mteja". Bado imo. Anayeitaka aje na flashi yake, na gharama za kuja zangu.