MREJESHO: Mtoto anayempiga mdogo wake, fimbo au maneno?

Ndugu zangu, niliwaomba ushauri kuhusu mwanangu wa miaka 7 anayempiga mdogo wake na kunijibu jeuri. Wengine mlisema samaki mkunje angali mbichi, achapwe; wengine mkakataa katakata. Asanteni wote.

Fimbo tumeiweka kando. Kuna aliyeniuliza: utamfundishaje asipige kwa kumpiga? Sikuwa na jibu, na mpaka leo sina. Hata Shirika la Afya Duniani linasema viboko huelekea kumzidishia mtoto ukali. Sweden ilivipiga marufuku hadi nyumbani tangu 1979.

Sasa akianza fujo namtoa pale, nakaa naye mpaka hasira zishuke, halafu anatengeneza alichoharibu. Juzi alichana daftari la mdogo wake. Nilimpa gundi, akaketi sakafuni akiunganisha ukurasa mmoja mmoja, ulimi nje, mdogo mtu akimshikia karatasi. Kupigana kumepungua sana.

Jeuri ya mdomo bado ipo, hasa akinyang'anywa simu. Baba yake angali anaamini kiboko, ila amekubali kunivumilia. Wenye watoto wa umri huu, hili la kujibizana mnalimalizaje?