Tupeane uzoefu: ni lini uliacha kusema "haikupangwa" ukakubali kwamba uamuzi ulikuwa wako?

Fundi wa Chikongola (mleta mada)

Habari za jioni wakuu. Mimi ni fundi cherehani hapa Mtwara mjini, nimejiajiri mwaka wa saba sasa. Kuna jambo linanisumbua na naamini si mimi peke yangu: tukifanikiwa tunasema "nimepambana", tukianguka tunasema "ndivyo ilivyopangwa".

Yangu ni hii. Hela ya korosho ikishaingia, kuanzia Novemba kazi zinamiminika. Mwaka juzi nilipokea advansi ya kila aliyeingia mlangoni. Mama mmoja wa Nanyamba akaleta kitambaa cha nguo ya harusi ya binti yake. Ijumaa ya kuchukua nguo ilipofika nikamwambia, "Nisamehe mama, umeme umekatika tangu jana." Na kweli ulikuwa umekatika. Hakunigombeza. Aliomba kitambaa chake, akakikunjua pale mezani, mikunjo ni ile ile ya dukani. Ndani mlikuwa na risiti. Akaisoma tarehe kwa sauti: wiki tatu nyuma. Akasema, "Mwanangu, hata alama ya chaki hakina." Akakikunja, akaondoka.

Usiku ule nilikaa na daftari langu la vipimo, nikahesabu. Umeme haukuwa mkononi mwangu. Kupokea nguo arobaini na cherehani ninayo moja, hilo nani alinilazimisha? Ukijiajiri huna bosi wa kumtupia lawama, kwa hiyo unamtafuta: umeme, wateja, husda za majirani, hata uchawi. Tangu siku ile nikikosa tarehe namwambia mteja, "Nilipokea kazi kuliko uwezo wangu." Kuitamka kunauma sana. Ila ukishaitamka mara mbili tatu, ya nne unaikataa advansi mwenyewe.

Leteni na zenu.

Mkulima Newala

Mada nzito mkuu. Mimi nina mikorosho ya urithi. Miaka minne mfululizo niliuza kangomba: maua ndiyo kwanza yanatoka, namfuata mtu ananipa hela taslimu, korosho zikianza kudondoka ni zake. Kijiweni nawalaani wanunuzi hao hao. Ni kweli wananyonya, lile bakuli lao la kupimia linajazwa mpaka linamwagika na wewe unahesabiwa kilo moja. Lakini hela nilikuwa naipeleka wapi? Mwaka wa mtoto kuugua ulikuwa mmoja tu. Mwaka mwingine nilinunua redio kubwa. Mwingine nikafanya sherehe ya unyago ambayo ingeweza kusubiri mavuno.

Halafu hela ya salfa, ile dawa ya unga ya mikorosho, ikawa haipo. Na salfa haisubiri mtu. Unapuliza alfajiri umande ungali juu ya majani, maana ubwiriunga, ule ugonjwa wa ukungu, ukishashika maua huna cha kuokota. Nikachelewa. Maua yakageuka kama yamemwagiwa majivu, nami nikamwambia mke wangu, "Mwaka huu Mungu hakutupa." Akanyamaza. Yeye alikuwa ameniambia habari ya salfa tangu mapema.

Msinielewe vibaya. Mwaka 2018 tulipokataa bei za mnadani, Serikali ikatangaza kununua yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo, wengine tukasubiri malipo miezi na miezi. Pale mkulima angefanya nini? Simwambii mtu kwamba kila shida ni yake. Nasema la salfa lilikuwa langu. Siku hizi napeleka korosho ghalani kupitia AMCOS, chama chetu cha ushirika cha wakulima, na hela ya salfa naitenga siku ile ile ya malipo, kabla sijafika nyumbani.

Dada wa Mikindani

Kaka zangu nawaheshimu, ila hadithi mmeianzia katikati. Mimi niliozeshwa na miaka kumi na sita, hakuna aliyeniuliza. Miaka tisa hata hela ya chumvi naomba. Ungeniambia wakati ule kwamba maisha yangu ni uamuzi wangu, ningelia.

Hiari yangu ilianza na kilo mbili za korosho ghafi nilizopewa na shangazi. Nilizikaanga uani kwenye bati, moshi unawasha macho, mafuta ya ganda yakinigusa vidole ngozi inababuka. Nikajifunza kupaka majivu mikononi kabla ya kubangua. Nikamenya lile ganda jembamba la ndani, nzima nikaweka huku, vipande huku. Nzima nikaziuza stendi, vipande tukala na wanangu. Ile ilikuwa hela ya kwanza ambayo nikiila ni mimi, nikiizalisha ni mimi. Nilikesha nikiifikiria, jamani. Asubuhi nikanunua kilo tatu.

Msimpime mtu kwa hiari ambayo hakuwa nayo. Ila ikishamfikia, hata ikiwa ya kilo mbili, ni yake. Mwaka jana nilichanganya korosho za zamani na mpya, mteja wa Dar akarudisha mzigo wote. Hapo hapakuwa na mzazi wala mume wa kumsingizia.

Mchuuzi Lindi

Dada umenigusa. Mimi ni Mei 2024, wakati wa Kimbunga Hidaya. Nyanya zangu zilikuwa kwenye fuso zinatoka Dar, barabara ikakatika Somanga, mzigo ukaoza wote. Hilo si langu. Ila kuna akina mama watano wa sokoni walishanipa hela zao, nami nikazima simu siku nne. Barabara ilikatwa na mvua, simu niliizima kwa kidole changu. Hela nimewarudishia wote. Wawili hawajaniagiza tena mpaka leo.

Mzee wa Ligula

Wanangu, kadari wengi tunaishika nusu. Bedui aliambiwa na Mtume (s.a.w.) amfunge ngamia kwanza, ndipo amtegemee Mungu. Tusiiruke ile kamba.

Fundi, yule mama alirudi?

Fundi wa Chikongola

Shikamoo mzee. Hajarudi. Risiti ilidondoka chini ya meza alipokuwa anakunja kitambaa, nimeibandika ukutani juu ya cherehani. Tukikutana sokoni namwamkia, anaitikia vizuri tu. Binti yake alishonewa kwingine, na nguo niliiona siku ya harusi. Ilimkaa vizuri.