Ripoti ya mradi wa mwisho wa IT: nianzie wapi?

Kutoka: Mwanafunzi, Columbus

Shikamooni wakubwa, na wenzangu habari za huko mliko.

Niko mwaka wa mwisho wa shahada ya teknolojia ya habari, viza ya mwanafunzi ya F-1. Muhula huu nina mradi wa kuhitimu, huku wanauita kapstoni: unajenga mfumo, unaandika ripoti, unautetea mbele ya jopo. Nilipendekeza programu ya simu ya kuwaunganisha Waafrika wote walio ughaibuni, yenye blokicheni (daftari la kidijitali linalotunzwa na kompyuta nyingi kwa pamoja) na akili mnemba. Msimamizi kalirudisha pendekezo na swali moja tu: "Mteja wako ni nani?"

Kujenga naweza. Kinachonishinda ni maandishi. Kuna jamaa yuko Nairobi ameniambia ataniandikia ripoti nzima, bei ni kwa kila ukurasa. I-20 yangu, ile hati ya chuo inayoonyesha masomo yanaisha lini, inaisha mwezi wa kumi na mbili, kwa hiyo nina haraka. Je, nimpe? Kama sivyo, nianzie wapi? Na akili mnemba ikinisaidia kuandika, ni kosa?

*

Kutoka: Mkenya wa Minneapolis

Hamjambo nyote.

Kijana, huyo wa Nairobi achana naye. Simsemi vibaya. Ni biashara inayojulikana sana kwetu: vijana wenye digrii nzuri na wasio na ajira wanawaandikia wanafunzi wa Marekani na Uingereza, na wengi wao ni hodari kuliko hao wanaowalipa. Shida si ubora wa kazi. Insha ya historia mtu anaweza kuinunua ikapita. Mradi wako haupiti hivyo, kwa sababu jopo litakuuliza kwa nini uligawa majedwali namna hii na si namna ile, na msimamizi akifungua Git, inayotunza kumbukumbu ya kila badiliko la msimbo, ataona nani aliandika nini na lini.

Halafu ukishamlipa, anabaki na jina lako, jina la chuo na risiti. Wako wanafunzi waliorudiwa baadaye wakidaiwa pesa ya kunyamaziwa. Kule England, sheria ya 2022 imefanya kuuza huduma hii kuwa kosa la jinai. Huku mzigo unamwangukia mwanafunzi: wa F-1 akifukuzwa chuo, rekodi yake ya SEVIS, mfumo wa serikali wa kufuatilia wanafunzi wa kigeni, inafungwa, na hapo hatuongei tena habari ya alama.

*

Kutoka: Shangazi wa Dallas

Marahaba mwanangu.

Mimi ni mchambuzi wa mifumo, na chuo kimoja cha hapa jirani hunialika kwenye jopo la miradi kama huu wako. Nikipewa ripoti sianzi na ikisiri. Nafungua palipoelezwa tatizo, kisha naruka moja kwa moja hadi matokeo ya majaribio, nione kama sehemu hizo mbili zinajuana. Mara nyingi hazijuani. Mwanzoni mtu kalalamika kwamba kazi fulani inapoteza muda, mwishoni anatuambia watumiaji walipenda rangi. Ukisema muda unapotea, upime kabla ya mfumo na uupime baada ya mfumo, kwa kazi ileile na mtu yuleyule.

Sasa swali la mteja. Waafrika wote wa ughaibuni huwezi kukaa nao meza moja ukawahoji. Jumuiya yenu hapo Columbus ina mfuko wa misiba. Mwombe mweka hazina ukae pembeni yake siku anapofanya hesabu baada ya msiba, pale maiti inasubiri kusafirishwa na michango inaingia kwa Zelle, kwa Cash App na kwa bahasha za msikitini na kanisani. Utaona kwamba kutunza data si tatizo, Excel inatunza vizuri tu. Tatizo ni kwamba pesa imeingia kwa jina la Hussein, kwenye orodha yupo Husein, na anayelipiwa ni mkewe. Mradi wako uko hapo.

Jedwali la walipaji ulitenge na la wanachama, maana mtu mmoja anaweza kuwalipia watatu. Kwa tahajia zinazokaribiana, soma kuhusu umbali wa Levenshtein, aliouchapisha Mrusi Vladimir Levenshtein mwaka 1965. Unahesabu herufi ngapi zibadilishwe, ziongezwe au ziondolewe ili jina moja liwe jingine. Hussein na Husein umbali wao ni 1. Lakini Asha na Aisha nao ni 1, na hao ni watu wawili. Kwa hiyo mfumo usiamue peke yake. Kumpachika mtu malipo yasiyo yake ni kosa zito kuliko kuyaacha bila mwenyewe, kwa sababu lile la kwanza hakuna atakayeligundua hadi siku ya ugomvi. Ripoti ihesabu makosa hayo mawili mbalimbali. Sura nzima ya tathmini umeshaipata, na blokicheni haijaguswa.

Sura ya mbinu ndiyo inayoniudhi kupita zote. Kila mtu kaandika "nilitumia Scrum", ile njia ya kuendesha mradi kwa vipindi vifupi. Mwongozo wa Scrum unaeleza timu, yenye majukumu matatu yaliyogawanywa kwa watu. Wewe uko peke yako chumbani na tambi za paketi. Eleza ulichofanya kweli: ulimhoji nani, ulimwonyesha toleo la kwanza lini, akakataa nini, ukabadilisha nini. Kama msimamizi anadai nadharia, itafute makala ya Hevner na wenzake kwenye jarida la MIS Quarterly la 2004, inayohusu utafiti unaofanywa kwa kubuni chombo. Wanataka chombo kitatue tatizo lenye uzito na manufaa yake yathibitishwe kwa tathmini. Wewe vyote viwili utakuwa navyo.

Mapitio ya kazi za wengine yasiwe msururu wa "fulani alisema". Chukua mifumo michache inayofanana na wako, onyesha kila mmoja unaishia wapi, basi.

Kwenye majaribio kuna mtego. Wanafunzi hutaja watumiaji watano kwa sababu Jakob Nielsen, mtaalamu wa urahisi wa kutumia mifumo, aliandika mwaka 2000 kwamba watano wanatosha. Alikuwa anazungumzia kusaka kasoro za matumizi. Kwa takwimu, watano ni wachache mno, usiwapigie asilimia. Ukitumia dodoso la SUS la John Brooke, lile la maswali 10 ya kupima urahisi wa kutumia mfumo, alama yake ni kati ya 0 na 100 lakini si asilimia, na wastani unaotajwa kwa kawaida ni 68. Maswali yake yanapokezana, moja linasifu na linalofuata linaponda. Wazee wetu wakiyasoma kwa Kiingereza haraka haraka watajaza "nakubali" mstari mzima. Yatafsiri, uyasome kwa sauti, na kwenye ripoti useme kwamba umeyatafsiri. Kabla hujamhoji mtu yeyote, muulize msimamizi kama kamati ya maadili ya utafiti, IRB, inahusika. Miradi mingi ya darasani haipiti huko, lakini jibu ulipate kwa maandishi.

Usiandike kwa mfuatano wa sura. Anza na usanifu na ujenzi wakati kumbukumbu ni mbichi, utangulizi uje baadaye, ikisiri iwe ya mwisho kabisa. Weka daftari la maamuzi, kila siku mistari miwili mitatu. Jopo likiuliza "kwa nini", majibu yatakuwa humo.

Akili mnemba: soma kanuni za chuo chako, na pale unaporuhusiwa, itaje kwamba umeitumia. Marejeo usiiachie. Hutunga makala zisizokuwepo na kuwapachika waandishi ambao ni watu wa kweli, ndiyo maana zinaaminika. Zotero, programu ya kutunza marejeo, ni ya bure, itumie, na kila DOI, namba ya kudumu ya makala mtandaoni, uifungue mwenyewe.

*

Kutoka: Kaka wa Baltimore

Niongeze la makaratasi, kwa taratibu zilivyo sasa. OPT ya baada ya kuhitimu, yaani ruhusa ya kufanya kazi ya fani yako, unaweza kuiomba kuanzia siku 90 kabla ya tarehe ya kumaliza masomo hadi siku 60 baada yake, na maombi yafike ndani ya siku 30 tangu ofisa wa chuo, DSO, aingize pendekezo kwenye SEVIS. Angalia namba ya CIP, msimbo wa fani yako, kwenye I-20 yako. Ikiwa kwenye orodha ya STEM (sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati), baadaye unaweza kuomba miezi 24 zaidi.

Ukiona mradi hautakamilika, omba kuongezewa muda kabla tarehe ya I-20 haijapita. Sababu iwe ya kitaaluma au ya afya. Kubadilisha mada na kukwama kwa utafiti kusikotarajiwa vinakubalika. Kuwa kwenye adhabu ya kitaaluma hakukubaliki. Kwa hiyo baruapepe za msimamizi zitunze, hata hiyo ya "mteja wako ni nani". Na ukifanyia mradi ndani ya kampuni, hata bila malipo, mwone DSO kwanza, huenda ikahitajika CPT, ruhusa ya kufanya kazi ya fani yako ukiwa bado unasoma.

*

Kutoka: Mweka hazina, Columbus

Shangazi amenianika hadharani, lakini amesema kweli. Faili hilo ninalo mimi, na Hussein na Husein ninao wengi.

Kijana, karibu, kwa masharti. Majina halisi na namba za simu hazitoki kwenye kompyuta yangu. Nitakupa nakala ya mwaka jana niliyobadilisha majina, ila makosa ya tahajia nitayaacha yalivyo maana ndiyo unayoyataka. Mfumo usiunganishwe na akaunti ya benki. Familia za wafiwa usizihoji, wala kwa simu. Kuhusu kupima muda, njoo na saa yako unipime nikiwa nafanya kazi, usiniulize nakadiria kiasi gani.

Nami nina swali kwa jopo lako: ukishahitimu ukaenda zako Seattle, nani atautunza huo mfumo? Mimi naweza kufungua Excel. Seva siwezi.

*

Kutoka: Mwanafunzi, Columbus

Ahsanteni sana. Jamaa wa Nairobi nimemjibu kwamba sitaendelea. Mzee, nitakuja Jumamosi baada ya saa nane, na nimekuwekea kifungu cha makabidhiano: chombo kitasoma faili lako la Excel na kurudisha faili la Excel, bila seva.

Tamko la tatizo nililoandika ni hili:

"Mfuko wa misiba wa jumuiya hupokea michango kwa njia kadhaa. Mweka hazina hulinganisha majina kwa macho, na malipo yanayotumwa kwa jina lisilo la mwanachama hubaki bila mwenyewe. Mradi huu unapendekeza mfumo wa kisasa na rafiki kwa mtumiaji. Utapimwa kwa muda wa kulinganisha, kwa idadi ya malipo yaliyobaki bila mwenyewe, na kwa idadi ya yaliyopachikwa kwa asiye wake."

*

Kutoka: Shangazi wa Dallas

Sentensi ya tatu ifute. "Kisasa" na "rafiki" havipimiki. Sema chombo kinafanya nini: kwa kila malipo yasiyo na mwenyewe, kinamwonyesha mweka hazina majina matatu yanayokaribiana zaidi, naye ndiye anayechagua. Mengine yaache yalivyo, mpelekee msimamizi leo.