Mafuta ya limau au mnanaa kwa kichefuchefu cha mimba changa: matone mangapi?

Mama Zuhura: Habari za jioni wapendwa. Mimba ni ya wiki 8, kichefuchefu kinaanza hata kabla ya kutoka kitandani, na vitunguu vikikaangwa ndiyo basi tena. Dukani kuna mafuta ya limau na ya mnanaa, chupa za mililita 10. Yanatumikaje? Na kufukiza udi je?

Mkunga_Tanga: Pole sana dada. Anza na limau. Kuna utafiti wa Iran ulioonyesha kuwa wajawazito walioyanusa walipata nafuu kiasi. Kwa mnanaa majibu ya tafiti yanapingana. Dondosha tone 1, yakizidi 2, kwenye pamba. Ishike mbali kidogo na pua, vuta pumzi taratibu mara tatu, kisha ifungie kwenye kikopo. Wengi hukosea hapo: wanamwaga matone kwenye mto wakalala nayo. Pua ya mjamzito hunasa harufu upesi, na ile iliyokuwa ikituliza jana, leo inatapisha. Udi acha kabisa, moshi haumfai mama wala mtoto.

Bi Mwanaidi: Chupa iwe imeandikwa Citrus limon. Ikiandikwa manukato tu, rudisha. Tena si lazima ununue: mafuta yamo kwenye ganda la limau, si kwenye maji yake. Kwaruza kwa ukucha ile sehemu ya juu yenye rangi, unuse papo hapo. Ukifika kwenye nyeupe hakuna kitu. Tafadhali mwanangu, usiyanywe ya chupa, hata tone kwenye chai. Na usiyapake ngozini ukatoka juani, yanababua. Ya karafuu ni makali, yaache.

Mkunga_Tanga: Naongeza: harufu peke yake haitoshi, tumbo tupu huzidisha kichefuchefu. Weka biskuti kavu au mkate mkavu kando ya kitanda, ule kabla ya kuinuka. Vidonge vya madini ya chuma vikikuchefua, usiviache. Uliza kliniki kama unaweza kumeza usiku. Kutapika kukiambatana na homa, kapime malaria siku hiyohiyo. Maji yasipokaa tumboni kwa saa 24, au mkojo ukiwa mweusi kama chai ya rangi, nenda hospitali, unahitaji dripu.

Mama Zuhura: Asanteni mno. Na mwenye pumu?

Bi Mwanaidi: Asiguse ya chupa mpaka aongee na daktari wake, hasa mnanaa. Yeye atafune tangawizi mbichi, kipande chembamba.