Riwaya ya upelelezi katika mji halisi: nifuate ramani kwa kiasi gani, na wapi nibuni?

KalamuYaUsiku

Wakuu, salaam. Niko kwenye rasimu ya pili ya riwaya ya upelelezi. Nimeiweka katika mji wa bandari uliopo kweli, wakati wa sasa. Nimekwama kwenye sura 3 zinazotegemeana.

Sura ya 4: saa 6 usiku mtu anauawa juu ya gati na kutupwa baharini. Mwezi ni mpevu na maji yamejaa. Sura ya 5: muuaji anakimbia kwa miguu hadi stesheni na kupanda treni ya saa 6 na dakika 20. Kwa mstari ulionyooka kwenye ramani ni kilomita 3. Baadaye anajificha katika hoteli ambayo ipo kweli, kwa jina lake la kweli, na meneja wa hoteli anamsaidia kuficha nguo zenye damu. Sura ya 6: alfajiri wavuvi wanaiona maiti ikielea, polisi wanafika, kesi inaanza.

Maswali yangu: je, picha za mitaani za kwenye intaneti zinatosha kuelezea njia ya muuaji? Hoteli niiache na jina lake? Maji na mwezi niviangalieje ili msomaji anayeujua mji asinikamate? Na mambo ya polisi, ni yapi ambayo waandishi huyakosea zaidi?

Mpimanjia

Anza na treni, maana hapo ndipo sura zako zinapovunjika. Kilomita 3 za mstari ulionyooka si kilomita 3 za miguu. Mitaa inapinda, bandari ina ukuta, reli haivukwi ila darajani. Mjini njia halisi mara nyingi huzidi mstari ulionyooka kwa robo hadi theluthi, kwa hiyo shika kilomita 4 mpaka uipime kipande kwa kipande. Mtu mwenye afya, amevaa nguo na viatu vya kawaida, akikimbia kwa mwendo wa kilomita 10 kwa saa atatumia dakika 24. Akiamua kutembea haraka ili asitiliwe shaka, mita 80 hadi 100 kwa dakika, ni dakika 40 hadi 50. Kama stesheni iko juu ya kilima, ongeza dakika 1 kwa kila mita 10 za kupanda. Hiyo ni kanuni ya Mskoti William Naismith ya mwaka 1892, na wapanda milima wanaitumia hadi leo.

Kwa hiyo treni imemwacha. Usisogeze stesheni. Ama sogeza saa ya mauaji nyuma, ama mwache akose treni kweli, akae akisubiri inayofuata kwenye jukwaa tupu ambako mtu atamkumbuka. Msomaji wa upelelezi hakusamehei hapa kwa sababu wewe mwenyewe umemwomba ahesabu. Mshukiwa anaposema "nilikuwa mahali pengine", ukweli wake wote umesimama juu ya umbali na saa. Mahali ukipakosea, umeharibu ushahidi.

Kuhusu picha za mitaani: zinasaidia sana, ila zina mitego. Ya kwanza ni tarehe. Kila picha imeandikwa mwezi na mwaka ilipopigwa, na mtaa mmoja unaweza kuwa na kipande cha mwaka huu kikifuatiwa na kipande cha miaka 6 iliyopita. Angalia na picha za zamani za mahali palepale, utajua kipi hubadilika na kipi hakibadiliki. Ya pili ni kimo. Kamera imefungwa juu ya paa la gari, kwa hiyo inaona ng'ambo ya kuta ambazo mtu anayetembea hawezi kuona. Ukiandika kwamba shahidi aliona uani kutoka barabarani, huenda unaandika alichoona gari. Ya tatu, lenzi zile hupanua mtaa, na uchochoro wa mita 3 huonekana kama barabara. Pima upana kwenye picha ya setilaiti. Halafu karibu zote hupigwa mchana, hazikuambii taa ipi inawaka saa 6 usiku.

Kinachohitaji kufuatwa bila kubadilishwa ni mgongo wa mji: bahari iko upande gani, mto unaelekea wapi, barabara kuu zinakutana wapi, jua linachwea nyuma ya nini. Maduka, migahawa na njia za mabasi hubadilika. Ukivitaja kwa majina, itabidi hadithi uifunge kwenye mwaka maalumu. Mtaa wa kubuni unaruhusiwa, na mimi naupenda, mradi uuchomeke kati ya mitaa miwili ya kweli bila kurefusha wala kufupisha safari ya mtu.

Chora jedwali la safu 4: saa, mtu, mahali, na anachoweza kuona au kusikia akiwa pale. Safu ya nne ndiyo watu huiacha, na ndiyo inayofichua makosa.

BamvuaNaMajiMafu

Nijibu la maji, maana hili ukilielewa litakuandikia nusu ya njama.

Katika pwani nyingi maji hujaa mara 2 kwa siku, na kati ya kujaa na kujaa kunapita saa 12 na dakika 25 hivi. Kwa hiyo kila siku yanachelewa kwa takribani dakika 50. Bamvua, yaani maji yanayojaa sana na kupwa sana, huja karibu na mwezi mpevu na mwezi mwandamo; maji mafu, yasiyojaa sana wala kupwa sana, karibu na mwezi nusu. Hayo wengi wanayajua. Wasilolijua ni kwamba katika bandari moja, bamvua hujaa karibu saa zilezile mwaka mzima. Kuna bandari ambako bamvua hujaa kwenye saa 6, na nyingine kwenye saa 10. Ukishachagua mji na mwezi mpevu, saa ya maji kujaa umeshapewa, huichagui tena.

Kwa hiyo tafuta jedwali la maji la bandari yako, angalia siku za mwezi mpevu. Kama hujaa kwenye saa 6, sura ya 4 imesimama, na maji yatakuwa yamepwa kabisa saa 12 na dakika kumi hivi asubuhi. Kama hujaa saa nyingine, kimojawapo kiondoke: mwezi au maji.

Mwezi nao una ratiba. Mpevu huchomoza jua likichwa, na usiku wa manane uko juu kabisa. Usiuandike unachomoza baharini saa 6 usiku. Mwezi nusu wa kwanza huwa juu wakati wa machweo na hutua kwenye usiku wa manane. Nusu ya mwisho huchomoza wakati huohuo wa manane. Utusitusi pia hutofautiana: karibu na Ikweta, kutoka jua kuchwa hadi giza la kuhitaji taa ni dakika 20 na kitu, lakini London katikati ya Juni jua lenyewe huchwa baada ya saa 3 usiku na mwanga unasita sana kuondoka.

Sasa sura ya 6, samahani, lakini maiti yako haiwezi kuelea alfajiri ileile. Mwili uliotupwa majini kwa kawaida huzama, kisha huibuka pale gesi za kuoza zinapoujaza. Katika maji ya vuguvugu ni siku chache, katika maji ya baridi ni wiki au zaidi. Muda wa saa 6 tu baada ya kuuawa hakuna gesi ya kutosha. Una njia 2 za kweli: maiti ionekane siku kadhaa baadaye, mbali na gati, au maji yapwe na kuiacha imelala kwenye tope kati ya nguzo za gati. Mimi ningechukua ya pili. Muuaji asiyeijua bahari anatupa mtu kwenye maji marefu, hajui kwamba kufikia asubuhi hayatakuwepo.

Wakili_Msomaji

Hoteli: badili jina, na ibadili kweli, siyo herufi moja. Kinachokuweka hatarini si jengo bali ni meneja. Hoteli ile ina meneja mmoja tu, kwa hiyo ukiandika "meneja wa hoteli fulani alisaidia kuficha nguo zenye damu", umemtaja mtu anayetambulika hata kama umempa jina la kubuni. Mhusika anaweza kupita mbele ya hoteli ya kweli, kunywa chai, kusubiri teksi. Uhalifu, uchafu, rushwa na uzembe vipeleke kwenye hoteli ya kubuni iliyo mtaa wa nyuma.

Tangazo la mwanzoni kwamba wahusika wote ni wa kubuni halina nguvu ambayo waandishi wanadhani linayo. Kesi inayofundishwa kila mahali ni ya Hulton dhidi ya Jones. Gazeti moja la Uingereza lilichapisha mwaka 1908 kisa cha kuchekesha chenye mhusika aliyeitwa Artemus Jones. Akatokea wakili wa jina hilohilo, akashtaki, na mwaka 1909 Bunge la Malodi, ambalo wakati huo ndilo lililokuwa mahakama ya juu kabisa ya rufaa, likathibitisha fidia yake ya pauni 1,750. Utetezi kwamba mwandishi hakumkusudia haukusaidia. Kwa hiyo kila jina la mhusika mbaya litafute pamoja na kazi yake na mji wake. Daktari mla rushwa mwenye jina la kawaida sana ni salama kuliko mwenye jina la nadra ambalo lina daktari mmoja nchini.

Namba za simu nazo usizibuni kichwani, kuna mtu atapigiwa. Marekani imetenga 555-0100 hadi 555-0199 kwa ajili ya hadithi. Uingereza imetenga, kwa London, 020 7946 0000 hadi 020 7946 0999. Kwa tovuti na barua pepe, example.com imehifadhiwa kwa mifano tangu 1999. Kama nchi ya hadithi haina namba zilizotengwa, usiimalizie namba: mhusika aione tarakimu 3 za mwisho tu. Namba ya nyumba nayo iwe isiyokuwepo, lakini kumbuka mtaa hukua. Sherlock Holmes, mpelelezi wa hadithi, alipewa nyumba namba 221B Baker Street, London, na enzi zake mtaa huo haukufika 221. Baadaye ulifika, na ofisi iliyokuwa pale ikawa inapokea barua zake.

MlinziWaEneo

La polisi: kosa kubwa ni kuchanganya nchi. Mwandishi ameweka hadithi Ufaransa lakini upelelezi unaendeshwa kama Marekani. Kabla ya kuandika sura ya 6 jibu maswali haya kwa nchi yako: nani anaamua kwamba kifo hiki ni cha kushukiwa, nani anaamuru maiti ipasuliwe, polisi wanaweza kumshikilia mtu saa ngapi bila kumfungulia mashtaka, na nani anaamua kushtaki. Uingereza na Wales kuna mchunguzi wa vifo asiye polisi, Scotland kazi hiyo iko chini ya mwendesha mashtaka wa umma, na Ufaransa kesi nzito huongozwa na hakimu mpelelezi. Kwa sheria ya Uingereza na Wales ya mwaka 1984, mtu hushikiliwa saa 24, ofisa mwandamizi anaweza kuongeza hadi 36 kwa makosa mazito, na mahakama hadi 96. Saa hizo 96 ni zawadi kwa mwandishi, zinakupa mwendo wa sura nzima. Na majaji wa huko hawagongi nyundo mezani.

Eneo la tukio: askari wa kwanza kufika anaangalia kama mtu yu hai, kisha anafunga eneo, anachagua njia moja ya kuingilia na kuanza daftari la kila anayeingia na kutoka, na saa. Mpelelezi wako akivuka utepe mikono mitupu na kupekua mifuko ya marehemu, wakili wa utetezi anashinda kesi hapo. Nguo zilizolowa damu au maji ya bahari hukaushwa na kufungwa kwenye karatasi, siyo plastiki, kwa sababu unyevu uliofungiwa huozesha ushahidi. Gatini kuna haraka ya ziada: maji yanarudi. Wana saa chache tu za kupiga picha na kumtoa mtu kwenye tope, andika hofu hiyo.

Usimpe daktari saa kamili ya kifo. Mwili hukakamaa kuanzia saa 2 hadi 6 baada ya kufa, lakini baridi ya maji huchelewesha, na kipimo cha joto nacho huvurugika kwa sababu maji huupoza mwili haraka kuliko hewa. Atatoa kipindi kipana. Saa yako itokane na maji, kamera na tiketi ya treni.

KalamuYaUsiku

Nashukuru sana. Nimefungua jedwali la maji. Mji wangu bamvua hujaa kwenye saa 10 na nusu, alfajiri na alasiri. Ina maana saa 6 usiku mwezi ukiwa mpevu maji ndiyo kwanza yanaanza kupanda. Mwezi ule naupenda, lakini naona ndio unaoondoka?

BamvuaNaMajiMafu

Ndio unaoondoka. Nenda kwenye mwezi nusu wa kwanza. Wakati wa maji mafu saa ya kujaa husogea kwa takribani saa 6, kwa hiyo kwako yatajaa kati ya saa 4 na nusu na saa 5 usiku, na kupwa kwenye saa 11 alfajiri. Hakikisha tarehe yenyewe kwenye jedwali. Mauaji yafanyike saa 5 usiku: maji marefu unayo, na muuaji ana dakika 80 za kuifikia treni, anaweza kutembea bila kuhema.

Jihadhari na jambo moja. Maji mafu hayajai sana wala hayapwi sana. Ncha ya gati haitakauka, kwa hiyo mtupe mtu kwenye theluthi iliyo karibu na ufuko, uangalie vina vya kwenye chati ya bahari. Faida yake ni kwamba mkondo wa maji mafu ni dhaifu na maiti haitasafiri mbali na nguzo.

Na kwa kuwa mwezi huo hutua kwenye usiku wa manane, shahidi yeyote atakayesema saa 7 usiku aliuona uso wa mtu gatini kwa mbalamwezi, anadanganya. Hakikisha tu pale pasiwe na taa ya umeme.