Naomba ushauri: mwanafunzi kiziwi kwenye darasa la usanifu

Ndugu walimu na wasanii, habari zenu, wakubwa shikamooni. Nafundisha usanifu wa michoro chuoni, Dar es Salaam. Muhula huu nina mwanafunzi kiziwi, na mkono wake kwenye kuchora ni wa ajabu. Sasa tunabuni kanga: pindo (ukingo wa kuzunguka), mji (sehemu ya katikati) na jina (maneno yanayoandikwa). Shida ni siku ya kujadili kazi. Watu wanadakiana maneno, mkalimani wa lugha ya alama anazidiwa, na mwanafunzi wangu anabaki kutazama tu. Inaniuma sana. Nimejaribu kuandika ubaoni, lakini maoni yanamfikia mjadala umeshapita.

Mnaendeshaje mjadala ili naye achangie papo hapo? Na istilahi kama "mji", ambazo mkalimani huzitaja herufi kwa herufi kwa vidole, kuna aliyewahi kuzitafutia alama pamoja na viziwi wenyewe? Mlianzia wapi?