Naomba ushauri: kuishirikisha gombolola (serikali ya mitaa iliyo chini ya wilaya) katika kulinda mazalia ya samaki

Ndugu wanachama, naomba ushauri wenu. Mimi ni mvuvi wa Ziwa Victoria, upande wa Kalangala nchini Uganda, na kijiji chetu kimekubaliana kuitenga ghuba moja ndogo ambamo ngege (sato) hutaga mayai, ili isivuliwe kabisa na mafunjo yaliyofyekwa kando yake yaoteshwe upya. Ukipita hapo asubuhi maji yakiwa yametulia, bado unaviona viota vya ngege kwenye mchanga, mviringo kama sahani, na baadhi vimeburuzwa na kokoro (wavu wa kukokota) usiku. Inauma sana.

Tumevutiwa na wenzetu wa Kuruwitu, Kaunti ya Kilifi nchini Kenya, ambako wavuvi wenyewe walitenga sehemu ya bahari mwaka 2005 na samaki wakarejea. Lakini makubaliano ya kijiji pekee hayamzuii mgeni mwenye mtumbwi wa injini. Sheria ya Serikali za Mitaa ya Uganda ya mwaka 1997 inaliruhusu baraza la gombolola kutunga sheria ndogo zisizopingana na sheria za nchi, na kanuni za mazingira za mwaka 2000 tayari zinalinda mita 200 za ufuo wa ziwa hili.

Je, tuanze kwa mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji), au twende moja kwa moja kwa afisa uvuvi wa wilaya? Na aliyewahi kulishawishi baraza litenge fedha za maboya ya mipaka na doria, alitumia hoja gani hasa?